Benz 240D (W123) kutoka oto kwenda gia za mkono: nilivyofanya yangu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una 240D ya 1980, oto (inabadili gia yenyewe), usukani wa kulia, umeachiwa na baba mkwe. Ikishapata joto inachelewa kushika gia, injini inanguruma na gari haliendi. Fundi wako kakupa njia tatu: oto ifunguliwe itengenezwe, ifungwe gia boksi ya Hilux kwa kuchongesha sahani ya kuunganishia, au itafutwe gia boksi ya mkono ya Benz yenyewe. Umeomba aliyewahi kufanya aseme.

Mimi nimefanya. Gari ni 240D ya 1979 ya marehemu mzee wangu, kazi ilifanyika hapa Tanga kati ya Februari na Juni 2019, na mpaka leo linatembea. Jibu langu ni njia ya tatu, kwa sharti moja: usinunue gia boksi. Nunua gari zima la gia za mkono lililokufa, la modeli hiyohiyo na lenye usukani upande uleule, na uwepo wewe mwenyewe siku linapofunguliwa. Watu wengi wanaokwama kwenye kazi hii gia boksi wanayo, imelala chini ya benchi. Wanachokosa ni vitu vidogo ishirini na zaidi vinavyokwenda nayo, na vingine havijulikani hata kama vipo mpaka siku unavihitaji.

Ila kabla hujatoa shilingi, hakikisha oto yako imekufa kweli. Nasema hivi kwa sababu oto za zamani za Benz zinasingiziwa sana. Kwenye gari hili oto inapata habari za mzigo wa injini kwa njia ya vakyumu (mvuto wa hewa): kuna kijipira cha bluu au kijani kinatoka upande wa pampu ya nozeli, kinashuka mpaka kwenye kidude cha duara ubavuni mwa gia boksi. Kijipira kikipasuka au kile kidude kikichoka ndani, gia zinaingia kwa kishindo au zinavutana, na fundi asiyezijua Benz atakwambia oto imekwisha. Pima mafuta yake injini ikiwa inawaka, imepata joto, mkono uko P. Yanuse. Yakiwa mekundu na hayana harufu ya kuungua, badilisha mafuta na chujio kwanza. Konveta ya Benz (kile kidude cha mafuta kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye oto) ina nati yake ya kumwagia, kwa hiyo unaweza kutoa mafuta yote, si nusu tu kama kwenye magari mengi. Badilisha vipira vya vakyumu, ni vya bei ndogo, uone. Mtu mmoja wa Korogwe nilimshauri hivyo na gari lake likapona, hakuhitaji kubadili chochote.

Langu halikupona. Mafuta yalikuwa meusi yananuka kama mkaa, na tulipofungua karai la chini tulikuta unga wa sahani za msuguano umejaa. Kuitengeneza ilihitaji vifaa vyote vya ndani kutoka nje ya nchi na fundi wa kuvipanga, na fundi niliyempata alikuwa mkweli kabisa kuniambia hajawahi kufungua oto ya Benz ya umri ule. Nikaona nisimfundishie kazi kwenye gari la mzee.

Na kulikuwa na sababu nyingine. Kwetu kwa asili ni Lushoto. Unaijua ile barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Kupanda na injini ya nguvu za farasi 72 inayopitishia kila kitu kwenye konveta iliyochoka ni mateso, lakini kushuka ndiko kulikonitisha. Hata ukiweka S au L (gia za chini), oto iliyochoka haikamati gari kama gia ya mkono inavyokamata. Siku moja nimefika Mombo chini breki zinanuka na pedali imekuwa laini, na ndani nilikuwa na mama. Siku ile ndiyo nilikata shauri.

Sasa gari la kuchinja. W123, yaani jina la kiwanda la umbo la gari letu hili, zilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi Januari 1986, zaidi ya milioni mbili na nusu, kwa hiyo duniani spea zake hazijaisha. Shida yetu ni usukani. Gia boksi yenyewe ni ileile, iwe ya Ujerumani au ya Dubai, lakini mabano ya pedali, bomba la klachi na mahali linapopita kwenye ukuta wa injini vinategemea dereva anakaa wapi. Ukiagiza seti kutoka Dubai au Ujerumani utaletewa ya usukani wa kushoto. Za kulia zinapatikana Uingereza, Afrika Kusini ambako gari hili liliunganishwa East London, na huku kwetu kwenye nyumba za wazee. Anza na nyumba za wazee. Mimi niliulizia miezi miwili, nikapata 240D ya gia nne Moshi, imekaa chini ya mti miaka kumi na mmoja, sakafu imeliwa na kutu na injini imekwama. Familia iliniuzia kwa 1,800,000, nikalipakia kwenye lori lililokuwa linarudi tupu Tanga kwa 450,000.

Nilikwenda kulikagua nikiwa na tochi na kitambaa cheupe. Kitambaa nilikipitisha kwenye zulia chini ya pedali ya klachi. Masta ya juu ya klachi (pampu ndogo inayosukumwa na pedali) kwenye W123 inakaa ndani, juu ya miguu ya dereva, na ikivuja mafuta ya breki yanateremka kwenye zulia. Kitambaa kililoa. Nikajua masta hiyo ni ya kubadilishwa, nikapunguziwa laki mbili. Nililala chini nikaushika mkono wa gia boksi unaopokea propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) nikautikisa juu na chini: ukicheza, beringi ya nyuma imekwenda. Haukucheza. Nikamwaga mafuta kidogo kwenye chombo nikayapitishia sumaku. Kulikuwa na tope la kijivu, ambalo ni la kawaida, lakini hakuna vipande. Kwa gari ambalo haliwaki huwezi kujaribu zaidi ya hapo.

Siku tunalifungua, nilikuwa na simu, daftari na mifuko ya plastiki. Kila boliti ilikwenda kwenye mfuko wake na jina lake. Picha zilifika mia mbili na kitu. Mafundi walinilalamikia kwamba nawachelewesha, na kweli niliwachelewesha siku nzima, lakini miezi miwili baadaye tulipokuwa tunabishana fimbo ipi ya gia inakwenda kwenye mkono upi, tulifungua simu, ubishi ukaisha.

Vilivyotoka kwenye gari lile vikaingia kwenye langu ni hivi, kwa jinsi ninavyovikumbuka: gia boksi na kengele yake (kasha linalofunika klachi), flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), uma wa rilizi beringi (beringi inayosukuma klachi), kile kipande chembamba cha plastiki kinachokaa kati ya masta ya chini ya klachi (ile inayosukuma uma) na gia boksi (usikitupe, kina mifereji ambayo kwa kipimo maalumu inakuonyesha klachi imelika kiasi gani), mabano yote ya pedali, bomba la klachi, chupa ya mafuta ya breki, mkono wa gia na fimbo zake tatu, kitanda cha nyuma kinachobeba gia boksi, propela shafti yote, kebo ya spidomita, swichi ya taa za rivasi, na fremu ya plastiki inayozunguka mkono wa gia. Vipya nilivyonunua ni klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, beringi ndogo ya mkia wa krenki (shafti kuu ya injini), masta mbili, boliti za flaiwili, vipira vya fimbo za gia, ringi za mpira za propela na senta beringi. Katika vipya hivyo usibane matumizi. Kushusha gia boksi mara ya pili kwa sababu ya beringi ya bei ya soda ni hasara ambayo nimeiona kwa wengine.

Pedali ndiyo kazi ambayo hakuna aliyenionya. Kila mtu anazungumzia gia boksi, lakini gia boksi inapanda kwa saa nne ukiwa na jeki nzuri na watu watatu. Pedali zilitula siku mbili. Mabano ya pedali kwenye W123 ni kipande kimoja kikubwa kinachoshika breki na klachi pamoja, kimebanwa kwenye ukuta wa injini kwa boliti zilezile zinazoshika hidrovaki ya breki (kile kipipa kinachosaidia mguu kukanyaga breki). Ili kukitoa unavua kifuniko cha chini ya dashibodi, unachomoa mita ili mkono upite, unafungua hidrovaki kwa upande wa injini, halafu mtu mmoja analala kwenye sakafu ya gari kichwa chini miguu kwenye kiti. Usijaribu kuongeza pedali ya klachi kwenye mabano ya oto kwa kuchomelea. Nimeona gari lililofanyiwa hivyo, na pedali ikikatika huku gari liko kwenye gia unapofika kwenye mataa, hiyo si hitilafu ndogo. Mabano ya gia za mkono yana springi kubwa inayosaidia mguu, na pedali yake ya breki ni nyembamba ili klachi ipate nafasi. Hamisha kipande chote kama kilivyo. Kwa kuwa kinagusa breki, kila nati iliyofunguliwa pale niliikaza mwenyewe na kuitia alama ya rangi.

Klachi inakunywa mafuta kutoka kwenye chupa ileile ya breki. Chupa ya gari langu ilikuwa na kichuchu cha upande lakini kimezibwa tangu kiwandani, ndiyo maana nilihamisha chupa ya lile jingine.

Flaiwili ndipo nilipoumia mara ya kwanza, na hapa naomba usome taratibu.

Oto haina flaiwili nzito. Ina bati jembamba linalobeba konveta. Krenki ya injini hii na bati hilo vimesawazishwa pamoja, na flaiwili ya injini nyingine imesawazishwa na krenki yake yenyewe. Ukitoa bati ukafunga flaiwili ya gari la Moshi hivihivi, unaweza kubahatika, au usibahatike. Namna sahihi ni kutia alama ya mahali bati lilipokaa kwenye krenki kabla ya kulifungua, halafu kupeleka bati na flaiwili vyote viwili kwa mtu mwenye mashine ya kusawazishia, apime uzito wa bati umeegemea wapi na aifanye flaiwili iegemee hapohapo kwa kiasi hichohicho. Nilivipeleka vyote kwenye karakana moja ya kukereza vyuma na maelezo nikayaandika kwenye karatasi. Flaiwili ilirudi inang'aa, uso umekerezwa vizuri sana. Nikauliza kuhusu usawazishaji, nikajibiwa umefanyika. Tukafunga.

Tulipowasha, injini ikiwa kwenye sailensa (mizunguko ya chini, bila kukanyaga mafuta) ilikuwa tulivu. Ukipandisha mizunguko inafika mahali gari zima linatetemeka, kioo cha kati huoni kitu. Fundi akasema ni propela. Nikamwambia gari limesimama, propela haizunguki. Hiyo ikusaidie na wewe: mtetemo unaokuja gari likiwa limesimama kwa kupandisha mizunguko tu hauwezi kuwa wa propela wala wa tairi, uko injini hadi klachi. Ukija kwa mwendo wa gari, hata ukitia nyutro na kuliacha liserereke bado upo, hapo tazama propela na tairi.

Tukashusha kila kitu. Nilipanda basi na flaiwili na bati kwenye begi mpaka Dar es Salaam, kwa fundi aliyeniruhusu nisimame pembeni ya mashine nikitazama. Akanionyesha ilivyoegemea upande ambao haukuhusiana kabisa na bati, akatoboa matundu manne yasiyo marefu, akapima tena, akanipa. Iligharimu 380,000 pamoja na nauli, na wiki mbili zikapotea. Tangu hapo injini imetulia. Kwa hiyo usikubali kupokea kwa neno la mdomo. Simama pale uone mashine inazunguka.

Boliti za flaiwili ni za kuvutika. Zinakazwa kwanza kwa Nm 30 hadi 40, halafu kila moja inazungushwa nyuzi 90 hadi 100 zaidi. Fundi aliyezoea kukaza kwa mkono na kusikilizia atakwambia haina haja. Ina haja. Weka mpya, na azima spana ya kipimo hata kama ni kwa kulipia.

Mkiwa hapo nyuma ya injini kuna vitu viwili vya kutazama kabla hamjafunika. Kimoja ni sili ya nyuma ya krenki. Injini hii haina sili ya mpira wa duara, ina ya kamba, vipande viwili, juu na chini. Ikiwa inavuja mafuta yatafika kwenye klachi mpya na utaanza upya. Yangu ilikuwa kavu nikaiacha kama ilivyo, maana kuibadilisha injini ikiwa garini ni kazi ya peke yake. Kingine ni ile beringi ndogo inayokaa kwenye tundu la mkia wa krenki, ambayo ncha ya shafti ya gia boksi inaegemea. Gari la oto halina. Ni rahisi sana kuisahau kwa sababu kila kitu kitaingia na kufungika bila hiyo, na gari litatembea, halafu baada ya muda utaanza kusikia klachi inakwaruza na gia zinagoma.

Propela: gia boksi ya mkono ni fupi kuliko oto, kwa hiyo kipande cha mbele cha propela kinatakiwa kirefu zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kununua gari zima. Kabla ya kutenganisha vipande viwili vya propela tia alama ya tindo kwenye vyote, maana vilisawazishwa vikiwa pamoja. Nilichukua vyote viwili kutoka gari la Moshi nikaviacha vilivyo, nikabadilisha ringi za mpira na senta beringi tu. Difu (gia za ekseli ya nyuma) sikuigusa. Tulisoma namba ya uwiano wake kwenye magari yote mawili, zote ni 3.69.

Nilivyoumia mara ya pili. Gari limekamilika, jioni nimelizungusha mtaani Chumbageni, raha tupu, nikarudi nyumbani nikazima ufunguo. Injini ikaendelea kuwaka. Nikatoa ufunguo kabisa. Inawaka. Mke wangu alitoka nje akiwa ameshika taa kuuliza kuna nini. Kwenye dizeli hizi injini inazimwa kwa vakyumu: ukigeuza ufunguo, vakyumu inakwenda kwenye pampu ya nozeli na kukata mafuta. Sisi tuliposhusha oto tuliacha ule mpira wa vakyumu uliokuwa unakwenda kwenye gia boksi ukining'inia wazi, na vakyumu yote ikawa inatokea pale. Hata kufuli za milango zilikuwa zimegoma siku ile na hatukuunganisha mambo mawili hayo. Ikikutokea, fungua boneti, kuna kimkono juu ya injini kimeandikwa STOP, kibonyeze mpaka izime. Mwonyeshe na yeyote anayeendesha gari hilo. Kesho yake tuliziba mpira huo pale unapochepuka kutoka kwenye bomba kuu la vakyumu, ufunguo ukafanya kazi, na milango ikafunga.

Mambo ya umeme ni mafupi. Oto ina swichi inayozuia stata isizunguke mkono usipokuwa P au N. Ukiiondoa gari haliwaki, kwa hiyo waya zake mbili za stata zinaunganishwa pamoja, na zile za taa za rivasi zinavutwa mpaka kwenye swichi ya gia boksi mpya. Elewa maana yake: kuanzia hapo gari litawaka hata likiwa kwenye gia, na litaruka. Nyumbani kwangu kila mtu anakanyaga klachi kabla ya kugusa ufunguo, watoto nao wameshajua. Waya wa swichi iliyo chini ya pedali ya mafuta, ile ya kushushia gia, uzungushie tepu na uufunge mahali pasipogusa chuma. Mabomba ya kupozea mafuta ya oto yanayoingia rejeta yaondoe, matundu ya rejeta yazibe kwa nati, uchafu usiingie.

Mafuta ya gia boksi. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu karibu kila fundi atataka kumimina oili 90 (oili nzito ya gia). Gia boksi hizi za mkono za Benz zinatumia mafuta ya oto, yaleyale mekundu. Ndiyo, ya oto, kwenye gia boksi ya mkono. Lita moja na nusu na ushei. Ukiweka 90, asubuhi gia ya kwanza na ya pili zitakuwa kama unakoroga ugali wa watu arobaini, na gari la Moshi tulilikuta na 90 ndani. Nilimwaga, nikasuuza na mafuta mekundu, nikamwaga tena, ndipo nikajaza.

Kutoa hewa kwenye klachi kulitushinda kwa njia ya kawaida ya kukanyaga na kufungua. Tulikanyaga asubuhi nzima. Mzee mmoja fundi wa zamani aliyepita kutusalimia ndiye aliyetuambia tufanye kinyumenyume: chukua mpira msafi, upande mmoja uuweke kwenye kichuchu cha hewa cha breki ya mbele, upande wa pili kwenye kichuchu cha masta ya chini ya klachi. Jaza mpira mafuta kwanza usiwe na hewa. Fungua vichuchu vyote viwili, kanyaga breki taratibu, funga cha breki kabla ya kuachia. Mafuta yanapanda kutoka chini kwenda juu yakisukuma hewa mpaka kwenye chupa. Mwenzako aangalie chupa isikauke wala isifurike. Dakika kumi na tano, pedali ikawa ngumu. Mzee yule hakutaka hata hela ya maji.

Fimbo za gia tatu zina vipira vya plastiki kila mwisho. Weka vipya vyote, halafu zipimwe mkono ukiwa nyutro: kuna tundu la kupitisha pini inayofunga mikono yote mahali pamoja, na urefu wa fimbo unarekebishwa hapo. Ukiruka hatua hii utakuwa unatafuta gia ya tatu kama unatafuta funguo gizani.

Hesabu yangu yote, pamoja na gari la Moshi, usafiri, spea mpya, karakana mbili na ufundi, ilifika 5,200,000 kwa bei za 2019. Niliuza milango, taa na viti vya lile gari nikarudisha kama 900,000. Namba ya injini na ya chesisi hazikuguswa.

Baada ya hapo usitegemee gari litakuwa la mbio. Gia ya nne ya mkono na gia ya nne ya oto ni moja kwa moja zote mbili, kwa hiyo kwenye lami ya Segera kwenda Moshi injini inanguruma vilevile kwa kasi ileile. Ukitaka utulivu zaidi kwenye safari ndefu itafute ya gia tano, iliyokuja miaka ya 80, ila ni adimu na bei yake inajulikana na wauzaji. Kilichobadilika kwangu ni kuondoka na kupanda. Gari linaitika. Mafuta, kwa kipimo changu cha kujaza tangi mpaka juu kabla na baada, lilikuwa linakwenda kilomita 9 kwa lita, sasa linakwenda 11 na nusu kwa safari za Moshi. Na Mombo nashuka kwa gia ya pili, mguu umepumzika, breki nagusa kwenye kona tu. Mama alipopanda mara ya kwanza baada ya matengenezo alifika Mombo akauliza mbona leo hakuna harufu.

Kuhusu Hilux. Sisemi haiwezekani. Lakini sahani ya kuunganishia lazima iweke shafti ya gia boksi katikati ya krenki kwa usahihi ambao karakana zetu nyingi hazina vifaa vya kuupima, na ikipotoka kidogo tu beringi ya mbele ya gia boksi inalika. Halafu klachi ichanganywe, masta zichanganywe, mkono wa gia utokee mahali pengine kwenye sakafu, spidomita idanganye, na propela ikatwe na kuunganishwa. Niliwahi kupanda Benz ya namna hiyo ikafika 80, tukaongea kwa kupaza sauti. Na siku ikiharibika, fundi yeyote atakayeinama chini ya gari hilo atakuwa anaanza kujifunza upya, kwa sababu hakuna kitabu kilichoandikwa juu yake. Ukiweka ya Benz, kitabu cha W123 kinatosha.

Kama oto yako ikipona kwa mafuta na vipira vya vakyumu, iache hivyo hivyo, ni gari la heshima. Kama haiponi, wiki hii nipigie picha tatu uziweke hapa: chini ya dashibodi upande wa pedali, chupa ya mafuta ya breki kwa ubavu, na gia boksi kutokea chini pale kitanda chake cha nyuma kilipofungwa kwenye bodi. Na pima propela kutoka ringi ya mpira ya mbele mpaka senta beringi, uniandikie kwa milimita. Kwenye mabaki ya lile gari la Moshi bado kuna mabano mawili ambayo sikuyatumia, nikiona picha nitajua kama yanakufaa.